Makala Iliyosomwa Kuliko Zote

Inspekta Ngalula hakuketi. Alizitupa karatasi tatu juu ya meza, akazipiga kwa kiganja hadi kikombe cha chai kikaruka.

"Soma!"

Mwanamke wa upande wa pili wa meza hakuzigusa. Jina lake Fidélie Kisimba, mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amelala usiku mzima katika chumba cha mahabusu cha parquet, ofisi ya mashtaka ya Kolwezi, wamemvua viatu, na tope jekundu lilikuwa limemkaukia miguuni.

"Naijua, Mama Inspecteur. Ni mi niliandika."

"Uliandika nini? Sema na mudomo yako."

"Namna mashimo mbili inaweza kukaribiana. Kama shimo inafika mita makumi tatu chini, kati yake na ingine ubakize mita kumi na nane. Hiyo njo article yote. Bingine ni hesabu ya kuhakikisha."

"Hapa inasema sita."

"Mi sikuandika sita."

"Inasema sita! Jina yako iko juu, sita iko chini yake, na bantu tisa bako mu udongo!"

Tisa. Ngalula aliwahesabu mwenyewe, Jumatano ya tarehe mbili Aprili, wakitolewa mmoja mmoja katika kilima cha Kapembe, vinywa vimejaa udongo. Mashimo mawili yalichimbwa karibu mno, ukuta wa katikati ukapasuka, kilima kikashuka juu ya watu. Koperative ya Kapembe ndiyo iliyokuwa ikipanga kila shimo lichimbwe wapi, kwa hiyo mtu mwenye akili zake angefikiri koperative ndiyo itakayoulizwa kwanza. Thubutu! Kabla kilio hakijakwisha, injinia wake, Mathieu Beya, alikuwa ameshafika parquet na tai shingoni na karatasi hizi mkononi. Alisema zilitoka moja kwa moja katika hifadhi ya mtandaoni ya jarida la hesabu la chuo anakofundisha Fidélie. Chini ya kila ukurasa mashine ilikuwa imejiandikia yenyewe: 11 Machi, 14:20. Maneno ya Beya yalikuwa mafupi. Sisi si wazembe, alisema. Tuliwatii wenye elimu. Wenye elimu walituambia mita sita, na watu walipokufa yule mwalimu akaingia usiku, akafuta sita, akaweka kumi na nane.

Prokurere, mwendesha mashtaka, aliamini. Mtu mwenye tai akileta karatasi yenye tarehe, nani atamuuliza swali la pili? Ilikuwa Alhamisi tarehe kumi. Saa kumi kamili alasiri gari la gereza lingembeba Fidélie, na wote pale walijua kwamba kulitoa faili gerezani ni kazi ya miezi.

"Nani anaweza kugusa article mule mu archive?" Ngalula aliuliza.

"Mi na Mama Valérie wa bibliothèque. Bawili tu."

"Na wewe uliigusa?"

Fidélie aliitazama miguu yake. Halafu akasema, "Niliigusa. Tarehe tatu. Kesho yake."

Hapo ndipo Ngalula alipovuta kiti akaketi.

"Ulibadilisha nini?"

"Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika na maherufi makubwa, mu Swahili: MITA KUMI NA NANE. Sababu article niliandika na Kifaransa, Mama. Bale bantu habakusoma Kifaransa. Nilisema, balikufa sababu yangu, nilibaandikia luga ya baprofesa. Sikufuta kintu. Niliongeza tu."

"Bantu tisa banakufa, kesho yake unaingiza mukono ndani ya ushahidi! We ni mwalimu wa hesabu ama wa ujinga?"

"Nilikuwa na kasirani."

"Kasirani! Kila mutu iko na kasirani hapa Kolwezi. Hata mi niko nayo, angalia, na siandike fasi yoyote!" Ngalula alizikusanya zile karatasi. "Kuko copie ya karatasi ya zamani?"

"Hapana. Revue, ile jarida yetu, iko online tu, tangu miaka sita." Fidélie aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mama, hizo ni kurasa tatu. Article iko na kurasa ine. Ya ine iko wapi?"

"Mi ndiye nauliza hapa," Ngalula akasema, akatoka, akaubamiza mlango. Lakini alikuwa amesikia.

* * *

Maktaba ya chuo ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za chuma na dirisha lililofungwa kwa waya. Mkutubi, Mama Valérie, alikuwa mwanamke wa miaka sitini aliyevaa sweta juu ya kitenge. Alipoulizwa hifadhi ya jarida iko wapi, hakwenda popote. Alionyesha chini ya meza yake. Pale palikuwa na mashine ya ukubwa wa katoni ya sabuni, ikiwaka taa moja ya kijani.

"Hii njo archive?"

"Njo yenyewe. Hakuna ingine. Article yote ya revue iko mule. Mutu akiwa Likasi, akiwa Dilolo, akifungua na telephone yake, anafungua hii."

Mlangoni ilibandikwa orodha iliyopigwa chapa, MAKALA ZINAZOSOMWA SANA, mwisho wa Machi. Mama Valérie huibandika mpya kila mwisho wa mwezi ili wanafunzi waone aibu. Ya kwanza ilikuwa ya Fidélie. Ya pili ilieleza kwa nini hasi mara hasi huwa chanya. Ya tatu ilithibitisha kwamba mchezo wa bahati nasibu lazima umle mchezaji. Ilisomwa na watu mia sita, na vibanda vya bahati nasibu bado vimejaa hadi leo.

"Unaweza kujua siku gani article ilisomwa?"

"Siku kwa siku." Mama Valérie aligeuza kioo cha kompyuta. "Unataka siku gani?"

"Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu."

Mkutubi akabonyeza. Makala ya Fidélie: sufuri. Ya hasi mara hasi: sufuri. Bahati nasibu: sufuri. Ukurasa mzima, kutoka juu hadi chini, sufuri zimepangana.

Ngalula alihisi damu inampanda. "Nani alifuta?"

"Hakuna mutu alifuta."

"Mama, usinichezee! Article ya kupendwa kuliko yote, haisomwe hata na muntu moya siku muzima? Ule mwalimu wenu alifuta hapa kama vile alifuta mule! Bawili tu munaweza kugusa, yeye njo alisema! Nani alifuta?"

"Usinipigie makelele mu bibliothèque!" Mama Valérie alisimama. Alikuwa mfupi, lakini sauti aliipata. "We unakaa wapi, we inspecteur? Kwenu courant banakata siku gani?"

"Siku ya tano."

"Haya. Kwetu ni siku ya mbili. Tarehe kumi na moja ilikuwa siku gani?"

Ngalula akahesabu kwa vidole. Jumanne. Siku ya mbili ya juma.

"Kila siku ya mbili, tangu mwaka ulipita, banakata saa moya ya asubuhi, banarudisha mangaribi. Mashine ya unga hapa nyuma haizunguke. Bamama banabeba mahindi yabo mpaka ku quartier ingine. Na hii," akaigusa mashine kwa ncha ya kiatu, "inalala. Groupe yetu, ile jenereta, ilikufa. Hakuna article inasomwa siku ya mbili, Mama. Hakuna. Hata ukiwa Ulaya, utafungua bure."

Alifungua droo, akatoa daftari lenye jalada la plastiki. Umeme ulipowahi kurudi kwa ghafla ukaunguza mashine ya kwanza na makala za miaka miwili, Mama Valérie aliapa hautamfanyia tena. Tangu siku hiyo, ukikatika anachomoa waya ukutani na kuandika saa. Ukirudi anasubiri utulie, anachomeka na kuandika saa. Ngalula alifuata mistari kwa kidole. 11 Machi: umekatika 7:05. Umerudi 18:40.

Na Beya alisema saa nane na dakika ishirini mchana.

Ngalula hakucheka. Amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na anajua wakili wa mtu mwenye tai anaweza kusema nini. "Batasema saa ya ordinateur yake, ile kompyuta, inadanganya. Batasema ilikuwa siku ya tatu, si siku ya mbili. Nipe kingine."

"Leta hiyo karatasi."

Mama Valérie alivaa miwani, akaiangalia kwanza mbele, kisha nyuma, kama mtu anayekagua kitenge sokoni. Halafu akaweka ukucha kwenye kona ya juu, penye herufi ndogo ambazo mtu yeyote angezipita.

"Hii unaiona? Archive inaandika hapa article imesomwa mara ngapi, saa ile ile unaifungua. Hapa inasema elfu ine mia mbili kumi na mbili." Akaenda mlangoni, akapiga kidole orodha ya mwisho wa Machi. "Na hapa, mwisho wa mwezi, nilibandika na mikono yangu: elfu mbili mia nane makumi saba. Sasa nieleze, Mama Inspecteur. Tarehe kumi na moja inatangulia mwisho wa mwezi ama inaufuata?"

"Elfu ine ilifika siku gani?" Ngalula aliuliza.

Mkutubi alirudi kwenye kioo. Baada ya kilima kuanguka kila mtu alitaka kuiona makala, waandishi wa habari na ndugu wa marehemu na watu wa udaku. Hesabu ilipanda kama maziwa motoni. Ilipita elfu nne mia mbili na kumi na mbili siku ya Jumamosi, tarehe tano Aprili. Siku tatu baada ya vifo.

Karatasi ya Machi ilizaliwa Aprili. Yule bwana alifungua makala watu wakiwa wamekwisha kufa, katika nakala ya kompyuta yake mwenyewe akaondoa kumi na nane akaweka sita, hata yale maherufi makubwa ya Kiswahili akayafuta, akairudisha nyuma saa ya kompyuta yake, akachapa. Ila namba ndogo ya kona hakuiona. Ngalula alitamka kwa Kiluba neno ambalo hatamki mbele ya padri.

"Nisamehe kwa makelele," akamwambia mkutubi. "Lakini bale elfu mbili na kitu ba mbele, ni banani? Banafunzi?"

"Banafunzi? Tuko nabo mia tatu, na nusu habafungue kitu." Mama Valérie alionyesha vilele vya mchoro. Vyote viliangukia siku moja ya juma, Jumapili. "Siku ya Mungu. Nani anapumzika siku ya Mungu tu, na telephone mu mukono? Bacreuseur. Bachimbaji, Mama."

"Fidélie alisema habasome Kifaransa."

"Habasome. Ni picha banaangalia. Kurasa ya ine iko na picha: shimo hii, shimo hii, na mushale katikati, kumi na nane. Banatumiana. Moya alikuja hata hapa, mwezi wa kwanza, kioo ya telephone yake ilipasuka, akaomba nimuchapie picha. Aliacha mabuti inje ili asichafue. Musharifu sana." Akafunua kitabu cha wageni. "Aliandika jina. Badibanga."

Ngalula alitoa mfukoni orodha ya maiti tisa wa Kapembe. Hakuhitaji kuisoma, aliijua kwa kichwa, lakini aliisoma. Badibanga alikuwa wa nne.

* * *

Nyumba ya Badibanga ilikuwa na vyumba viwili na ua uliojaa wanawake waliokaa chini. Mjane wake, Shekina, hakuinuka. Alikuwa na mtoto mgongoni na macho makavu.

"Sasa njo munakuja," alisema. "Sasa."

"Pole, mama."

"Pole yako uiweke ku mufuko. Bwana yangu alienda ku ofisi mwezi wa pili, alisema, mashimo inakaribiana, tutakufa. Balimwambia alete barua ya kupiga na mashine. Alete barua! Udongo haungoje barua."

"Ofisi gani?"

"Kwani mi nitajua mlango gani? Zote ziko na mlango moya, ule wa kufungwa."

Ngalula alichuchumaa mbele yake. Alikuwa mzito, magoti yalimuuma, lakini alichuchumaa. "Shekina, sikia. Kuko bibi iko mu cachot, mahabusu. Banasema ni yeye alidanganya bwana yako na mita sita. Saa kumi banamupeleka gereza. Unamujua? Fidélie Kisimba."

"Ile jina ilikuwa ku karatasi." Shekina alitazama pembeni. "Haikusema sita. Ilikuwa picha, mushale, kumi na nane. Badibanga aliichukua, akanunua kamba, akaipima na metre ya fundi, kumi na nane barabara. Akaenda nayo Kapembe. Alisimama mbele ya bantu bote, akamwambia injinia: patron, angalia, hii njo umbali, shimo mpya haifike hata nusu."

"Na injinia?"

"Alicheka. Alipasua ile karatasi. Akaomba kisu, akapima sita na hatua zake, akakata kamba. Akasema, hii njo hesabu yangu, mukitumia ile ya bamwalimu kilima itaingiza mashimo ngapi? Ile sita alibaki nayo, bapime nayo mashimo. Yenye kubaki alimutupia bwana yangu mu uso."

"Yenye kubaki iko wapi?"

Shekina alinyoosha mkono bila kugeuka. Kamba ya bluu ya nailoni ilifungwa kutoka kwenye nguzo ya jiko hadi kwenye msumari wa ukuta, ikakunjwa, ikarudi tena. Juu yake zilianikwa nguo za watoto na suruali moja ya mtu mzima, iliyofuliwa vizuri.

"Nitahitaji hiyo kamba," Ngalula alisema.

"Na nguo nitaanika wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Ngalula alisimama, akaziondoa nguo moja moja, akazikunja, akawapa wanawake. Suruali akampa Shekina mwenyewe. Halafu akafungua fundo.

* * *

Ofisi ya Mathieu Beya ilikuwa katika nyumba za wakubwa, kule ambako laini ya umeme ni ya mgodi. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na taa zote zilikuwa zimewashwa. Kiyoyozi kilipuliza hadi Ngalula akapiga chafya. Polisi wawili aliokuja nao aliwaacha nje.

"Karibu, Mama. Kintu ya kunywa? Iko baridi."

"Nakuja tu kumaliza PV yako, yale maandishi ya maelezo yako. Prokurere anataka faili safi mbele ya saa kumi." Aliketi, akatoa kalamu. Sauti yake ilikuwa ya karani aliyechoka. "Hizi karatasi ulizichapa wapi?"

"Hapa. Kwa hii ordinateur."

"Ulikuwa nazo za kuweka, ama ulifungua archive yenyewe?"

"Yenyewe. Moya kwa moya. Niliangalia, nikachapa saa ile ile."

"Saa ya ordinateur yako, inadanganyaka?"

Beya akacheka. "Mama, mi ni injinia. Inafuata satellite."

"Kwa hiyo siku ya mbili, tarehe kumi na moja, saa nane na dakika makumi mbili. Si siku ya tatu? Nisiandike mubaya."

"Siku ya mbili. Nakumbuka, nilitoka ku mukutano."

"Courant ilikuwa?"

Alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua lilichomoza. "Courant iko siku yote."

"Tia sahihi hapa. Na hapa."

Beya akatia sahihi, mara mbili, kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma. Ngalula alivuta karatasi, akapuliza wino ukauke, akaiweka mfukoni. Kisha sauti ya karani ikaisha.

"Tata Beya, kwako courant iko siku yote. Hukukaaka mu giza hata siku moya, njo kusema haujui. Siku ya mbili kule ku institut courant banakata asubuhi mpaka mangaribi. Ile archive ilikuwa imekufa. Ilikuwa machine ya chuma tu, chini ya meza! Hakuna mutu duniani aliifungua ile saa. Kila mama mwenye kubeba mahindi kule anajua. Hata kuku banajua! We tu, injinia, haujui!"

"Basi... pengine saa ya ordinateur..."

"Inafuata satellite! Umetia sahihi!" Akabandika ukurasa mbele yake, kidole kwenye kona. "Na hii soma. Elfu ine mia mbili kumi na mbili. Ile hesabu ilifika tarehe tano ya mwezi huu, siku ya posho, Jumamosi, na bantu tisa tayari balizikwa. Na kurasa ya ine uliificha sababu picha ilikushinda kubadilisha. Wale Waswahili wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ni mita sita."

Beya alitazama mlango. Halafu akainamisha kichwa, akapunguza sauti, akaanza kusema Kiluba, taratibu, kama wanavyosema watu wa nyumba moja. Ngalula, we ni mwana wa Kasai, mi ni mwana wa Kasai. Babu zetu waliletwa hapa kwa treni moja. Yule mwalimu si wetu. Tukimalizana sisi kwa sisi, nani atabaki?

Ngalula alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Badibanga alikuwa mwana wa nani? Eh? Naye alikuwa mwana wa Kasai! Alikuletea kamba ya kumi na nane na mikono yake, ukakata na kisu mbele ya bantu bote. Ile siku haukukumbuka Kasai. Ulikumbuka tu mashimo ngapi itaingia mu kilima. Usinitajie babu yangu na kile kinywa! Simama!"

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Beya aliposimama alishika meza, meza ina magurudumu, ikamkimbia, akaanguka kwa goti moja. Polisi walipoingia walimkuta hivyo. Ndani ya kabati la ofisi, nyuma ya kofia za plastiki, walikuta kipande cha kamba ya bluu, kimekakamaa kwa udongo. Ngalula hakutaka mtu mwingine akiguse. Alikipima mwenyewe sakafuni: mita sita.

* * *

Saa kumi kasoro dakika kumi gari la gereza lilikuwa limeshawasha injini kwenye ua wa parquet. Prokurere alisoma PV, akasoma daftari la umeme, akaangalia orodha iliyobanduliwa mlangoni ikiwa na gundi yake. Hakusema alikosea. Wakubwa hawasemi. Alifuta jina moja kwenye hati, akaandika jingine, akarudisha kalamu.

Beya akapanda. Tai walikuwa wamemvua.

Fidélie alirudishiwa viatu koridoni. Alivivaa polepole, bila soksi, huku Ngalula akimweleza yote, karatasi na Jumanne na ile namba ya kona. Alisikiliza kama mwalimu anayesahihisha mtihani, akitikisa kichwa penye sawa.

"Kwa hiyo niko huru."

"Uko huru. Na siku ingine ukiwa na kasirani, vunja sahani, usiguse article."

Fidélie hakucheka. "Mama, kwa kweli hainifariji sana. Bantu balikufa hata hivi. Kama ningeandika mu Swahili mwaka ulipita, kama bangeweza kusoma..."

Ngalula angeweza kunyamaza. Angemwacha arudi nyumbani, aoge, alale. Lakini yeye si mtu wa kumfunika mtu kwa uongo, hata uongo wa huruma. Akatoa kamba mbili za bluu kwenye mfuko wa plastiki, ndefu na fupi, akaziweka juu ya benchi.

"Balisoma, Fidélie. Ile picha yako. Elfu mbili mara, siku ya Mungu kwa siku ya Mungu, ni babo. Moya anaitwa Badibanga alipima hii kamba, kumi na nane, akaibeba mpaka ku mulima, akamwonyesha. Beya aliikata."

Fidélie aliishika ile ndefu. Akaipima kwa mikono yake, kutoka bega moja hadi ncha ya kidole cha mkono wa pili, kama wanavyopima wauza vitambaa, midomo ikihesabu. Ilipofika mwisho alisimama na ncha mkononi.

"Kumi na mbili," alisema.

"Kumi na mbili."

"Balijua." Aligeukia ua, ambako gari lilikuwa linarudi nyuma kutafuta geti. Sauti yake ilianza chini, kisha ikapanda hadi askari wa getini akageuka. "Mi nililia wiki muzima nikisema habakujua! Balijua! Balihesabu sawa! Alihesabu sawa, unasikia we Beya? Alihesabu sawa!"

Gari likatoka. Alilifuata hadi getini, viatu havijafungwa, akipiga kelele hizo hizo, na Ngalula hakumzuia. Alimwacha apige hadi sauti ikakatika, kisha akamwomba ile kamba ndefu. Ilikuwa ushahidi. Fidélie aliikunja vizuri kabla ya kuirudisha, na Ngalula akaenda sokoni kumnunulia Shekina nyingine, ya mita kumi na nane.